UNYOGOVU: JE, NI MARADHI YA UKOO?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya sala ya tarawehe)



  Najua kuna wenye usingizi na kuna wanaofikiria daku, basi sitarefusha.

Nitaanza na kisa cha nyumbani kwetu, na mamangu amenipa ruhusa nikieleze. Miaka 3 iliyopita dadangu alikuja kuposwa. Mambo yalikwenda vizuri, mahari yakazungumzwa, mpaka wazee wa upande wa pili walipoulizia mtaani. Jibu likarudi: "Nyumba ile ina maradhi ya kichwa. Nyanya yao alikuwa hivyo, na mama yao ni hivyo hivyo." Posa ikafa. Hakuna aliyekuja kutuambia kwa mdomo, simu ziliacha tu kupigwa.

Nyanyangu simkumbuki sana, lakini habari zake nazijua. Kulikuwa na miezi akijifungia chumbani, hali, halali, hasemi na mtu. Kisha hurudi akawa mtu wa mzaha kama kawaida. Watu wakasema ni jini. Mamangu naye yakampata baada ya kumzaa kitindamimba wetu. Yeye tulimpeleka hospitali, na daktari akasema ni unyogovu, ambao wengine huuita sonona. Si huzuni ya siku moja. Ni huzuni inayomkaa mtu wiki baada ya wiki, ikamwondolea usingizi, hamu ya chakula, nguvu, hata raha ya kumbeba mwanawe.

Mimi chuoni nasoma biolojia. Siku ile posa ilipovunjika nilijiuliza maswali mawili. Je, wazee wale walisema kweli? Na je, zamu yangu yaja? Nikaingia maktaba.

Ndugu zangu, wazee wale walisema nusu ya kweli. Wataalamu hutumia mapacha kulichunguza jambo hili. Mapacha wa kufanana jeni zao ni karibu sawa kabisa. Mapacha wasiofanana hushirikiana nusu tu, kama ndugu wengine. Ikiwa maradhi huwapata pamoja wale wa kufanana zaidi kuliko wasiofanana, basi urithi una mkono wake. Mwaka 2000, Patrick Sullivan na wenzake walikusanya tafiti za aina hii, wakapata kwamba urithi hueleza kama asilimia 37 ya tofauti zilizopo baina ya watu katika kupata unyogovu. Na mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa damu aliugua, hatari yake ni karibu mara 3 ya mwingine. Profesa Myrna Weissman wa Marekani alianza mwaka 1982 kuzifuata familia, wazazi, watoto, kisha wajukuu, naye akaona yayo hayo.

Basi ukoo upo. Lakini hebu tuitazame ile asilimia 37. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, haitokani na jeni. Ni mambo yanayompata mtu: kufiwa, kupigwa, ufukara, maradhi mengine, upweke. Na hutokea pacha mmoja akaugua na mwenzake, mwenye jeni zile zile, akabaki mzima. Kurithi hatari si kurithi maradhi.

Mtu atauliza: ni jeni gani hiyo, ili tuikwepe? Hapa kuna funzo. Mwaka 2003, Avshalom Caspi na wenzake walitangaza matokeo ya utafiti wa vijana wa mji wa Dunedin, New Zealand. Walisema wenye aina fulani ya jeni moja inayohusika na serotonini huugua zaidi wakipatwa na misukosuko. Dunia ilishangilia. Lakini wengine walipojaribu kurudia, wengi hawakuyapata. Mwaka 2009 tafiti 14 zilijumlishwa, na ushahidi haukuonekana. Mwaka 2019 jeni 18 zilizokuwa zikitajwa sana zilipimwa kwa makundi makubwa ya watu, nazo hazikuwa na uzito uliodhaniwa. Wanasayansi walikubali kwamba walikuwa wamekosea, wakabadilisha njia.

Njia mpya ni kupekua jeni zote za watu wengi mno kwa pamoja. Utafiti uliotolewa Januari 2025 ulikusanya habari za watu kama milioni 5 kutoka nchi 29. Ulipata karibu sehemu 700 katika jeni zinazohusiana na unyogovu, na kila moja huongeza hatari kidogo sana, kama punje ya mchanga. Sikizeni vizuri hapo. Punje hizo zimetawanyika kwa watu wote. Mimi ninazo, wewe unazo, na wale wazee waliovunja posa wanazo. Hakuna ukoo safi na ukoo mchafu. Na mpaka leo hakuna kipimo cha damu wala cha mate kinachoweza kusema huyu ataugua na huyu hataugua. Kama hospitali haiwezi kusema, mtaa wasemaje?

Isitoshe, wengi wa waliopimwa ni watu wenye asili ya Ulaya. Sisi Waafrika bado tu wachache. Kumekuwa na utafiti mkubwa wa jeni na maradhi ya akili uliofanywa hapa kwetu, Kilifi na Eldoret, pamoja na Ethiopia, Uganda na Afrika Kusini, lakini huo ulihusu maradhi mengine kama skizofrenia. Kwa hivyo anayetoa hukumu juu ya damu ya watu wa pwani anatoa hukumu bila elimu.

Sasa nije kwa jambo lililonipa matumaini zaidi. Mwaka 2006, Weissman na wenzake walichapisha utafiti wa mama 151 wenye unyogovu, pamoja na watoto wao. Mama walitibiwa. Baada ya miezi 3, kwa watoto ambao mama zao walipona, maradhi ya akili yalipungua kwa asilimia 11. Kwa watoto ambao mama zao hawakupona, yaliongezeka kwa asilimia 8. Watoto wenyewe hawakupewa dawa katika utafiti ule, aliyetibiwa ni mama. Jeni za watoto hazikubadilika, kilichobadilika ni nyumba. Basi mwenye kumficha mamake chumbani kwa kuogopa aibu anawadhuru wawili.

Kuna wanaosema huu ni upungufu wa imani. Nabii Yaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yakaingia weupe, na hakuna anayethubutu kusema imani yake ilipungua. Kweli, huzuni ya kufiwa si lazima iwe unyogovu, lakini tujifunze adabu ya kutomhukumu mwenye huzuni. Dua na kisomo tusiache. Na tiba pia tumeamrishwa. Mgonjwa wa sukari hatumwambii asali tu na aache sindano.

Nalisema hili kwa sababu ya mwezi huu. Ramadhani ya mwaka jana mamangu aliacha vidonge vyake bila kumwambia mtu, akitaka kufunga kama wenzake. Kumi la mwisho likamkuta hawezi kuinuka kitandani. Tafadhali, msiache dawa ghafla. Dawa nyingi za maradhi haya humezwa mara 1 kwa siku, na daktari aweza kuihamishia kwenye futari au daku. Na mgonjwa asiyeweza kufunga ana ruhusa yake, hiyo ni rehema na si aibu.

Na mtu akikwambia "afadhali nife", usimkemee na usimwache peke yake. Mpeleke hospitali usiku huo huo. Msiogope polisi pia: Januari 2025 Mahakama Kuu yetu iliamua kwamba kifungu cha 226 kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.

Swali langu la pili, je, zamu yangu yaja? Siwezi kujua. Ninachojua ni dalili zake, na nimekubaliana na mamangu kwamba nikianza kujifungia chumbani, yeye ndiye wa kwanza kubisha mlango. Dadangu hajaolewa bado. Akija mwingine kuulizia mtaani, ombi langu kwenu ni moja: mwambieni aje atuulize sisi wenyewe. Tutamjibu.