Mwalimu Asiye na Darasa

(Matini ya mhadhara uliotolewa msikitini baada ya Swala ya Isha)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyejaalia tofauti za lugha zetu kuwa miongoni mwa ishara Zake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.



Ama baad. Nimeombwa niwausie vijana wetu wanaojiandaa kwenda kusoma katika nchi za Kiarabu. Wasia wangu ni mmoja: lugha ya watu huchukuliwa kwa watu.

Nilifika Cairo nikiwa nimehifadhi Ajurumiya. Asubuhi ya kwanza nilikwenda kununua mkate, nikaomba "khubz" kwa Kiarabu fasaha, irabu za mwisho zote zimetimia. Waliopanga foleni wakacheka. Mkate kwa Wamisri ni "eish", neno ambalo asili yake ni maisha. Niliona haya, na haya ikanifungia chumbani pamoja na wenzangu wa kwetu. Darasani tukasikiliza, chumbani tukazungumza Kiswahili, na miezi ikapita ndimi zetu zikiwa pale pale.

Aliyenitoa humo hakuwa profesa. Alikuwa mzee muuza ful, yale maharage ambayo ndiyo kifungua kinywa cha Wamisri wengi. Kila baada ya Alfajiri alinikalisha kando ya mkokoteni wake, akinitajia majina ya vitu nami nikiyarudia. Nilimwita ami. Ada yake ilikuwa ni kumwoshea mabakuli.

Siku moja ami alifiwa na mwanawe. Nilikwenda kumpa pole, nikakusudia kumwambia kwamba moyo wangu una huzuni. Katika kisomo nilikuwa nikijitahidi na herufi, lakini katika mazungumzo ulimi ulirudi kwao, nikaitamka qaf kama kaf. Badala ya "qalbi", yaani moyo wangu, nikasema "kalbi", yaani mbwa wangu. Watu wakatazamana. Mzee yule, naye yumo msibani, akanishika mkono na kuwaambia waliohudhuria kuwa amenifahamu.

Baada ya siku chache akanikalisha tena pale pale. "Mwanangu," akasema, "sisi mtaani twasema alb. Lakini wewe ni msomaji wa Qur'ani. Itoe qaf kwenye shina la ulimi mpaka isimame." Usiku ule nikawakumbuka watoto niliowasomesha kabla ya safari. Je, walipokea kwangu qaf au kaf?

Ndugu zangu, njia hii si ngeni. Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye, kama ilivyopokewa na Tirmidhi, akayamudu katika muda wa nusu mwezi. Imam Shafii, aliyefariki mwaka 204 Hijria, aliishi katika ujana wake na kabila la Hudhayl ili achukue ufasaha wao. Hakuna aliyempa cheti kwa hilo.

Basi kijana, kwanza, mtafute mwalimu mwema mtaani, kwani pamoja na maneno utachukua na tabia. Pili, usimdharau kwa kuwa hana shahada. Tatu, pambanua: lugha ya sokoni ibakie sokoni, na Kitabu ukisome kwa herufi zake. Nne, vumilia kuchekwa, kwani mwenye haya hajifunzi.

Nasi tuliobaki nyumbani tuna sehemu yetu. Katika safu zetu wamo wageni ambao Kiswahili chao hutuchekesha. Huenda mmoja wao amejifungia chumbani kwa sababu ya kicheko chetu. Tumkalishe, tumtajie majina ya vitu, na akikosea tumwambie kuwa tumemfahamu, kisha tumrekebishe faraghani.

Mwenyezi Mungu amrehemu kila aliyetufunza japo herufi moja. Wabillahi tawfiq.