Maisha ya A. M. Jeevanjee, Mjenzi wa Nairobi



Leo twapenda kunena juu ya Alibhai Mulla Jeevanjee, mjenzi na mfanyabiashara aliyeingia pia katika mambo ya siasa. Alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Mombasa mwaka 1890. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, alipewa kazi ya kuleta vibarua na mafundi kutoka India, na ya kuwapatia chakula. Nairobi ilipoanza kuwa mji, alijenga majumba ya serikali na soko. Mwaka 1902 alianzisha gazeti la African Standard, akaliuza mwaka 1905.

Walakini mali haikumpa haki. Mashamba ya nyanda za juu yalitengwa kwa Wazungu. Mhindi, hata awe tajiri namna gani, hakupewa. Mwaka 1909 Jeevanjee aliteuliwa kuwa Mhindi wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, lakini alikuwa sauti moja mbele ya wengi. Nasi tukumbuke kwamba Waafrika, wenye nchi, hawakupata mtu wao barazani hata mwaka 1944, alipoteuliwa Eliud Mathu.

Jeevanjee alifariki Nairobi mwaka 1936. Kazi nyingi alizilipwa. Lakini jina lake watu wa Nairobi walijua kwa kitu alichotoa bure, yaani bustani ya ekari 5 aliyowapa wakazi wa mji mwaka 1906, wapate mahali pa kupumzika.

Mwaka 1991 wakuu wa mji walikusudia kujenga hapo jumba kubwa na maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama pamoja na wananchi wengine kupinga, na shauri lile likaachwa.

Ndugu zetu, jambo hili latuhusu sisi tushikao kalamu na majalada. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoaji hufa, na waliopewa husahau. Ile hati hubaki mikononi mwa karani. Basi likipita mezani petu shauri la kiwanja cha watu wote, yatupasa kwanza kufungua jalada la zamani na kusoma kilitolewa kwa nani, kisha tuandike neno hilo waziwazi mbele ya wakubwa wetu, kabla muhuri haujapigwa.