Nyuzi Zilizolegea: Ubongo wa Saikopathi Mbele ya Sheria

Mwaka 2007, trela lililobeba mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, lilianza kuzungukia magereza ya New Mexico, Marekani. Mwenye wazo hilo, mwanasayansi wa ubongo Kent Kiehl, alijua kwamba kumtoa mfungwa nje ya ukuta ni kazi pevu. Afadhali mashine imfuate alipo.

Hata hivyo, mashine haitambui usaikopathi. Anayeutambua ni mtahini mwenye kalamu, anayemhoji mtu, kupekua jalada lake, kisha kumpa alama kwa orodha ya vipengele 20 iliyotungwa na Robert Hare wa Kanada: ulaghai, kujikweza, ukavu wa hisia, kutojuta, na mengineyo. Huko Amerika Kaskazini, anayefikisha alama 30 kati ya 40 huhesabiwa kuwa saikopathi. Picha za ubongo huja baada ya hapo, na jambo hili husahaulika mno magazetini.

Zamani watafiti walisaka sehemu moja ya ubongo ya kubebeshwa lawama. Siku hizi wanauliza jinsi sehemu hizo zinavyowasiliana. Mwaka 2011, Julian Motzkin, Michael Koenigs na wenzao walichapisha utafiti uliofanyika katika gereza la Wisconsin. Macho yao yalikuwa kwenye amigdala, inayoshtuka mbele ya hatari, na eneo la chini la paji la ubongo, linalopima faida na hasara ya tendo. Kati ya maeneo hayo hupita kifungu cha nyuzi kilichopinda kama ndoano. Mashine hufuata jinsi maji yanavyosambaa ndani ya nyuzi: zikiwa imara, maji hushika mkondo mmoja, zikiwa dhaifu, hutawanyika. Kwa wafungwa wenye usaikopathi, kifungu cha upande wa kulia kilionyesha udhaifu. Tena, wakiwa wamelala tu bila kazi yoyote, shughuli za maeneo hayo mawili hazikupanda na kushuka pamoja kama zilivyofanya kwa wafungwa wenzao. Wafungwa kwa wafungwa: ulinganisho huo ndio nguvu ya utafiti, maana maisha ya jela yenyewe huacha alama.

Wala si hofu peke yake. Utafiti wa mwaka 2017, ulioongozwa na Joshua Buckholtz wa Harvard kwa wafungwa 49, uligusa tamaa: kadiri alama za usaikopathi zilivyopanda, ndivyo eneo la ubongo linalokimbilia tuzo ya papo hapo lilivyokosa breki kutoka kwenye paji.

Je, na uwezo wa kuhisi maumivu ya wengine umekufa? Waholanzi wana jibu linalosumbua. Mwaka 2013, Harma Meffert na wenzake waliwaonyesha wahalifu 18 wenye usaikopathi filamu za mikono ikipapaswa, ikisukumwa na kupigwa. Walipotazama tu, ubongo wao haukuitika sana. Walipoombwa wajaribu kuhisi anachohisi mwenye mkono, pengo kati yao na watu wengine likapungua sana. Kumbe uwezo upo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuutumia bila kuagizwa. Ugunduzi huu, pengine kuliko ule wa nyuzi, ndio ungepaswa kuwakosesha mawakili usingizi.

Maana mahakama zimekwisha kuingizwa katika mjadala huu. Mwaka 2009, Kiehl alitoa ushahidi Illinois katika kesi ya muuaji Brian Dugan, na bado wazee wa baraza wakaamua auawe. Dugan alinusurika mwaka 2011, jimbo lilipofuta adhabu hiyo. Kisha mwaka 2012, majaji 181 wa Marekani walipewa kesi ya kubuni. Waliopewa maelezo ya kibaiolojia kuhusu usaikopathi wa mshtakiwa walitoa wastani wa kifungo cha miaka 12.83, wasiopewa, 13.93.

Mwaka mzima ukapungua kwa maelezo yanayotokana na wastani wa makundi, ilhali picha ya ubongo wa mtu mmoja, hadi leo, haimwezeshi daktari yeyote kuapa kizimbani kwamba huyu ni saikopathi na yule siye.