Shahidi Aliyemo Ndani Yetu



Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, tunawakuta wana wa Israeli jangwani wakilia. Wameichoka mana. Wanaikumbuka Misri, na kumbukumbu yao ni tamu ajabu: samaki, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu. Tena wanadai kwamba samaki wale waliwala bure. Hebu tulitafakari neno hilo, bure. Hawa ndio waliofyatua matofali chini ya mijeledi ya wasimamizi, na ambao watoto wao wa kiume Farao aliamuru watupwe mtoni. Kila samaki walimlipia kwa jasho na damu. Hata hivyo, Maandiko hayasemi kwamba walikusudia kudanganya. Walikuwa na hamu ya nyama, na hamu hiyo iliingia katika kumbukumbu zao, ikachagua ya kubakiza na ya kufuta.

Wahenga walinena: Mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa kawaida methali hiyo twaielekeza kwa jirani mwenye hila. Lakini mwamba ngoma yumo pia ndani ya kila mmoja wetu, naye hufanya kazi yake kimya kimya, hata tunapodhani tunasema kweli tupu.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1974, huko Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya ajali ya magari. Kundi moja likaulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana. Kundi la pili likaulizwa swali lilo hilo, ila kwa neno kali zaidi, lenye maana ya kubamizana na kupondeka. Baada ya juma moja wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu vioo hivyo havikuwamo kabisa. Lakini kati ya wanafunzi 50 walioulizwa kwa neno kali, 16 walisema waliviona; kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kawaida, ni 7 tu. Neno moja la muulizaji lilitosha kuingiza kitu ambacho jicho halikukiona.

Tusidhani haya ni michezo ya wasomi tu. Mwaka 1984, katika mji wa Burlington, jimbo la North Carolina, mwanafunzi wa chuo aitwaye Jennifer Thompson alivamiwa usiku na kunajisiwa. Katika mateso yale alijitahidi kuikariri sura ya mhalifu ili apate kumtambua. Akamtambua Ronald Cotton: kwanza katika picha, kisha katika gwaride la utambuzi, kisha mahakamani. Hakuwa na chuki wala hila. Alikuwa na yakini. Cotton akafungwa. Mwaka 1995 vipimo vya vinasaba vikathibitisha kwamba mhalifu alikuwa mtu mwingine, na wakati huo Cotton alikuwa amekwisha kukaa kifungoni zaidi ya miaka 10. Na lililo zito zaidi ni hili: kabla ya vipimo hivyo, mhalifu halisi aliletwa mbele ya Thompson mahakamani, naye akasema hajapata kumwona kamwe. Sura ya asiye na hatia ilikuwa imekwisha kukalia mahali pa sura ya mwenye hatia.

Kwa hiyo, wapendwa, kuwa na yakini ni jambo moja, na kuwa na kweli ni jambo jingine. Mara nyingi huenda pamoja. Lakini zikiachana, moyo wetu haupigi kengele ya kututahadharisha.

Tuyalete mambo haya hapa nyumbani. Kwa miaka mingi, katika sehemu za Kanda ya Ziwa, Tanzania, akina bibi wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na alama iliyowaponza wengi ni macho mekundu. Macho yale yaliletwa na moshi. Mwanamke aliyepikia familia yake kwa kuni na samadi kavu kwa miaka 50, ndani ya jiko lisilo na dirisha, atakosaje macho mekundu? Alama ya utumishi wake iligeuzwa kuwa hati ya mashtaka.

Tazameni jinsi dhana hukua. Mtoto amekufa. Wazazi wamevunjika moyo, nao wanataka jibu. Mpiga ramli anawaambia kwamba adui ni mwanamke mzee, tena si wa mbali. Tangu hapo kumbukumbu inaanza kutii. Wanakumbuka kwamba bibi fulani alipita uani juma lile. Wanakumbuka alimtazama mtoto. Kesho yake wanakumbuka alimtazama kwa namna ya pekee. Kila mmoja anaongeza lake, na kila mmoja anaamini kwamba anakumbuka tu. Siku ya tatu mapanga yananolewa. Hapo hakuna aliyejiuliza swali dogo: je, haya tuliyajua kabla ya kwenda kwa mpiga ramli, au tumeyajua baada ya kutoka kwake?

Si lazima tufike kwenye mapanga. Ndugu wawili hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kila mmoja anakumbuka marehemu baba alipoukanyaga mguu wake, na kila mmoja anaukumbuka ukanyagwe upande wa mwenziwe. Mke anahesabu maneno mabaya ya mume, mume anahesabu ya mke, na hesabu hizo hazilingani kamwe. Huenda hapo hakuna mwongo hata mmoja. Wapo waamba ngoma wawili.

Baadhi yetu watauliza: Je, basi tutilie shaka kila kitu, hata imani yetu? La hasha! Mtume Tomaso alipotaka kuona na kugusa, Bwana hakumfukuza. Alimwonyesha madonda yake. Ukweli hauogopi kuulizwa. Kanisa lenyewe latupa mfano. Huko Lourdes, nchini Ufaransa, watu maelfu wamesema kwamba wameponywa. Tangu mwaka 1883 ipo pale ofisi ya madaktari inayoyachunguza maponyo hayo, na katika maelfu hayo yote Kanisa limetambua miujiza isiyofika 100. Haina maana kwamba wengine ni waongo. Maana yake ni kwamba Kanisa hupima kabla ya kutamka. Ikiwa Kanisa huzichunguza hata furaha zake, je, sisi tuache kuzichunguza tuhuma zetu?

Kwa sababu hiyo, kabla ya kumhukumu mwenzetu, yatupasa kumweka kizimbani kwanza yule shahidi aliyemo ndani yetu, na kumwuliza maswali matatu. La kwanza: Jambo hili tuliliona wenyewe, au tumelisikia mara nyingi hata tukadhani tumeliona? La pili: Kumbukumbu hii yamfaidia nani? Tukiona kwamba kila siku yatupendelea sisi, tuishuku. La tatu: Yule wa upande wa pili tumemsikiliza hadi mwisho? Sheria ya Musa ilikataza mtu kuhukumiwa kwa neno la shahidi mmoja. Ilidai wawili au watatu. Na sisi je, twahukumu kwa shahidi mmoja tu, tena aliye rafiki yetu mno?

Makatekista wapendwa, ninyi mwaijua rejesta ya ubatizo. Kanisa halikutegemea kumbukumbu ya baba wala ya msimamizi. Huandika jina, siku na mashahidi. Tufanye vivyo hivyo nyumbani. Wosia uandikwe mzee angali hai na akili timamu. Mipaka ionyeshwe mbele ya majirani wa pande zote. Na katika jumuiya ndogondogo, jina la mtu likianza kunong'onwa, awepo mmoja wa kusimama na kuuliza: Nani aliona? Swali hilo moja laweza kuokoa maisha ya bibi mzee.

Thompson na Cotton walikutana baadaye. Yeye aliomba radhi, na Cotton akasamehe. Mwaka 2009 wakatoa kitabu pamoja, nao wamezunguka wakiwaonya wengine. Miaka zaidi ya 10 haikurudi. Lakini kweli ilipopokelewa kwa unyenyekevu, hata kosa kubwa kiasi kile halikuweza kuizuia huruma.

Leo jioni, tunapoichunguza dhamiri kabla ya kulala, tusiishie kuuliza tumetenda nini. Tuulize pia tumeamini nini juu ya nani, na kwa ushahidi gani. Kisha tumwombe Roho Mtakatifu atuangazie pale ambapo macho yetu yenyewe yamejaa moshi.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.