Theluji ya Msimu Ujao: Utabiri Unaposaidia na Unapokomea

Utangulizi

Kila ifikapo Oktoba, mameneja wa vituo vya kuteleza kwenye theluji magharibi mwa Marekani hukabiliwa na swali moja: je, msimu huu theluji itakuwa nyingi au haba? Tiketi za msimu zimekwishaanza kuuzwa tangu miezi ya joto, vibarua wanatafutwa, na mashine za kutengeneza theluji zinakaguliwa. Wakulima wa mabondeni nao wanalisubiri jibu hilo, kwa kuwa theluji ya milimani ndiyo maji yao ya kiangazi. Mada hii inaeleza utabiri huo unatoka wapi, umewahi kupatia na kukosea wapi, na jinsi ya kuutumia.

Msingi wa utabiri

Chanzo kikuu ni Bahari ya Pasifiki. Wataalamu wa NOAA, taasisi ya Marekani inayosimamia masuala ya bahari na anga, hupima joto la maji ya ikweta kati ya longitudo 120 na 170 magharibi. Maji yakizidi wastani kwa nusu digrii ya Selsiasi au zaidi, na hali hiyo ikadumu, hiyo ni El Niño. Yakipoa kwa kiasi hicho, ni La Niña. Huku Afrika Mashariki, El Niño inakumbukwa kwa mvua za mwishoni mwa 1997 zilizosomba barabara na madaraja.

Kwa Marekani, mabadiliko hayo huhamisha njia ya dhoruba. La Niña mara nyingi huzipeleka kaskazini, kwenye milima ya Washington na Montana. El Niño huzivuta kusini, kuelekea Arizona na New Mexico. Msimu wa 1998/99, La Niña ikiwa imeshamiri, kituo cha Mount Baker jimboni Washington kilipokea inchi 1,140 za theluji, karibu mita 29. Ni rekodi ya dunia kwa msimu mmoja.

Utabiri ulipokwenda mrama

Mwaka 2022 La Niña iliingia mwaka wake wa tatu mfululizo. Katika Pembe ya Afrika ilitarajiwa kuleta ukame, na mvua za vuli kweli zikakosekana. Kwa kusini mwa California pia utabiri uliegemea kwenye ukame. Kilichotokea ni kinyume kabisa. Kuanzia mwisho wa Desemba hadi katikati ya Januari, mito ya angani tisa, yaani mikanda mirefu ya mvuke mzito kutoka baharini, iliipiga California mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni mwa Aprili 2023, maji yaliyohifadhiwa katika theluji ya jimbo zima yalifikia asilimia 237 ya wastani. Kule Utah, kituo cha Alta kilivuka inchi 900.

Kwa nini ishara ileile ya Pasifiki ipatie Afrika na ikosee California? Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya theluji ya California huletwa na dhoruba chache tu. Mito ya angani miwili au mitatu ikija, mwaka mkavu unaweza kugeuka kuwa wa neema, na hakuna anayeweza kuiona miezi mitatu kabla. Zaidi ya hayo, safu ya Sierra Nevada kuzunguka Ziwa Tahoe iko katikati ya kaskazini na kusini, mahali ambapo ishara ya El Niño na La Niña ni dhaifu.

Joto nalo lina kauli yake. Digrii moja au mbili tu huamua iwapo mawingu yatamwaga theluji au mvua. Msimu wa 2014/15 ulikuwa wa joto jingi, na Aprili 1, 2015 theluji ya California ilikuwa na asilimia 5 tu ya maji ya kawaida.

Tofauti kati ya mwaka 2015 na 2023 inaonekana waziwazi katika kituo cha vipimo cha Phillips, karibu na Tahoe. Mtaalamu huchomeka mrija hadi udongoni, huutoa ukiwa na theluji ndani, kisha huuning'iniza kwenye mizani. Uzito ndio unaoonyesha kiasi cha maji. Mbinu hiyo iliasisiwa na James Church, mwalimu wa Kilatini wa Chuo Kikuu cha Nevada aliyekuwa akipanda Mlima Rose kupima theluji mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2015 Gavana wa California, Jerry Brown, alisimama Phillips kwenye nyasi kavu na kutangaza upunguzaji wa lazima wa matumizi ya maji. Mwaka 2023 mrija ulizama zaidi ya mita 3 pale pale.

Mapendekezo

Kwanza, utabiri usomwe kama uwezekano. Kila moja ya hali tatu, yaani juu ya wastani, wastani na chini ya wastani, huanza na asilimia 33. Ramani ya utabiri ikionyesha asilimia 45 za mvua na theluji kuzidi wastani, bado asilimia 55 ziko upande mwingine.

Pili, uzito wa utabiri utegemee mahali. Kituo cha Washington kinaweza kuiingiza La Niña katika bajeti yake. Cha Tahoe kiandae bajeti tatu, kiajiri vibarua kwa awamu, kitegemee mashine zake kwa wiki za Desemba, na kiamue bajeti ipi itumike baada ya vipimo vya Januari.