Gari Lina Ramani, Lakini Ramani ya Lini?

Mazungumzo ya afisa wa uchukuzi wa kaunti mbele ya madereva na wahudumu wa bodaboda

Sitawachosha. Nimekuja kuzungumzia ile skrini iliyo kwenye dashibodi ya gari.

Wengi wenu mnaendesha magari yaliyotumika Japani. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo gari likishuka bandarini ni jipya kwako, lakini ramani iliyomo ni ya zamani, tena ni ya Japani tupu. Ukiliwasha Ukunda linakusalimu kwa Kijapani na kukuonyesha uko katikati ya bahari. Ni sawa na ile redio yake inayoishia 90, mpaka fundi akufungie kifaa ndipo upate stesheni zetu. Hilo halina hatari. Hakuna anayefuata ramani asiyoweza kuisoma.

Hatari iko kwenye gari lenye ramani ya Kenya ambayo imepitwa na wakati. Ramani hiyo inakaa kwenye kadi au diski ndani ya gari. Siku gari linatoka kiwandani, ramani inasimama hapo hapo. Kuibadilisha ni mpaka ununue kadi mpya kwa muuzaji, na wengi hatununui. Barabara zinaendelea kujengwa, nayo haina habari. Skrini inang'aa, sauti ni ya upole, na mtu anaamini.

Nitawapa kisa cha nyumbani kwangu. Mpwa wangu alishikwa na uchungu usiku. Mumewe ni mgeni huku, alikuwa amefika kwa ndege na kuazima gari. Hospitali waliyokuwa wakienda iko upande wa Changamwe. Kijana akaandika jina la hospitali kwenye skrini, gari likamwambia anyooke hadi Likoni. Akanyooka. Pale Kibundani akaipita njia ya kuingilia barabara ya Dongo Kundu, ambayo ingewatoa upande wa pili bila kugusa maji. Ramani ya gari haikuijua barabara hiyo, kwa sababu ilitengenezwa kabla haijafunguliwa. Wakafika kivukoni, wakapanga foleni kama magari mengine. Mtoto alizaliwa pale pale kwenye foleni, kwa msaada wa mama mmoja muuza chai. Mama na mtoto wako salama, namshukuru Mungu. Lakini wote wawili walikuwa na simu mfukoni ambazo zingewaonyesha njia ile. Nilipomuuliza kijana, alinijibu, "Mjomba, nilidhani ya gari ndiyo ya uhakika zaidi."

Si ya uhakika zaidi. Gari na simu vyote vinapokea mawimbi yale yale ya setilaiti, bure, hata bila bando. Setilaiti inakuambia uko wapi tu. Barabara zilizo mbele yako zinatoka kwenye ramani. Ramani ya simu hurekebishwa mara kwa mara, na ukiwa na intaneti inakuonyesha hata msongamano.

Sasa msitoke hapa mkisema afisa amesema simu haikosei. Simu nayo itakupeleka njia ya ng'ombe na kuiita barabara. Huko Kinango kuna mahali pa kuvuka mto ambapo kiangazi unapita na viatu, na mvua ikinyesha hata lori halithubutu. Simu haijui imenyesha jana. Mzee aliyekaa chini ya mwembe anajua, msalimie umuulize. Tena mtandao unakatika mara tu unapoacha lami. Kwa hivyo pakua ramani ya eneo lako kwenye simu ukiwa mjini, na uipakue upya kila baada ya muda, la sivyo nayo itazeeka kama ya gari.

Jambo jingine: simu ifungwe kwenye kishikilio, na safari uiandike kabla ya kung'oa gari. Dereva anayetumia simu gari likiwa mwendoni anatozwa faini ya shilingi 2,000. Nyinyi wa bodaboda mnaoikandamiza ndani ya helmeti, nawaona.

Mwisho ni ombi. Ramani za simu zinaweza kurekebishwa na mtu yeyote. Mwaka 2009 Kibera ilikuwa kama doa tupu kwenye ramani, na vijana wa Kibera wenyewe wakatembea na vifaa, wakaichora: vichochoro, vyoo, zahanati, shule. Zahanati yetu ikiwa imewekwa mahali pasipo pake, anayeumia ni mgonjwa wa usiku na dereva wa ambulansi asiyelijua eneo. Ukiona kosa, bonyeza mahali pale, chagua kupendekeza mabadiliko, uandike jina tunalolitumia sisi.

Nitabaki hapa hadi saa nane. Mwenye simu na aje nimwonyeshe jinsi ya kupakua ramani. Kwa wale wasio na bando, nitawasha intaneti ya simu yangu, lakini ni ya ramani tu, si ya video.