Kumlinda Mtoto Mtandaoni
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Masasi)



Nimeombwa niseme juu ya sheria za kumlinda mtoto mtandaoni. Sheria zipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yamtia hatiani anayechapisha picha za ngono za watoto, au anayemwezesha mwingine kuzipata. Facebook na TikTok zenyewe hazimruhusu aliye chini ya miaka 13 kujiandikisha. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025, mitandao mikubwa yatakiwa kuwazuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti.

Lakini, ndugu zangu, kanuni hizo za umri zamtazama mwenye akaunti. Huku kwetu mtoto hutumia simu ya baba, iliyonunuliwa kwa fedha za korosho, na laini imesajiliwa kwa alama za vidole vya baba. Mtandao wadhani unazungumza na mtu mzima.

Aidha, wapo watoto wasioshika simu kabisa, na picha zao zimeenea. Wazee wetu wa jando na unyago walijua lipi la kumwonyesha nani. Ya kumbini na unyagoni hayakutoka nje. Leo mwali akitolewa, wajomba na shangazi wampiga picha, na kabla jua halijatua imewafikia watu wasiomjua. Nani alimwuliza mtoto yule?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, picha za wali zibaki nyumbani. Pili, mtoto atumie simu barazani, mbele ya watu. Tatu, akituambia kwamba mtu amemtaka picha au amemtisha, tusimpige. Akipigwa leo, kesho atanyamaza, na mhalifu ndilo analolitaka. Tusiufute ujumbe ule, maana ni ushahidi. Tuupeleke polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au tupige namba 116, bila malipo.

Serikali itunge sheria, nasi tuzisimamie majumbani. Tuanze na simu zilizo mifukoni mwetu hivi sasa.